Kutoka Redio ya Kijiji Mpaka Simu ya Mkononi: Tulivyopata Habari za Chakula na Afya



Kamati ya maadhimisho iliponipa kazi hii ilisema niandike historia. Nikauliza, historia ya nini? Ya fedha anayo mweka hazina, na hesabu zake hazina mchezo. Nikaambiwa basi niandike yale ambayo kikundi kimetufanyia lakini hayamo kwenye daftari la hisa. Nimechagua jambo moja: namna sisi akina mama wa Mkunya tunavyopata habari za chakula na afya, tangu mimi nikiwa mtoto hadi leo. Habari hizo zimetuponya, na mara nyingine zimetuumiza. Mtanivumilia nikirudi nyuma sana.

Mwaka 1973 nilikuwa na miaka kumi. Kazi yangu jioni ilikuwa kumshikia mama taa ya chemli tukienda kusikiliza redio. Ulikuwa mwaka wa kampeni ya Mtu ni Afya, iliyoendeshwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima kwa njia ya Radio Tanzania Dar es Salaam. Nchi nzima walishiriki watu wapatao milioni 2. Waliketi kwa vikundi, na kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyefundishwa na kijitabu mkononi. Kipindi kikiisha, redio inazimwa. Hapo ndipo mambo yanaanza! Kiongozi anasoma kijitabu, watu wanauliza, wanabishana, halafu wanakubaliana la kufanya: kuchimba choo, kufyeka majani, kufukia madimbwi ya mbu. Miaka miwili baadaye, 1975, ikafuata kampeni ya Chakula ni Uhai kwa mtindo uleule, juu ya lishe, baada ya ukame na njaa ya mwaka 1973 na 1974.

Sipendi kuwapamba watu wa zamani kupita kiasi. Choo cha jirani yetu kilichimbwa kwa kuogopa mjumbe, kikakaa miezi kinalaliwa na kuku. Na redio ilisema, sisi tukasikia, hakuna aliyeweza kuijibu. Lakini jambo moja lilikuwa jema, na nitalirudia mbele: habari ya afya ilimfikia mtu akiwa amekaa na wenzake.

Sasa niseme juu ya muhogo, maana hapa ndipo tulipopata somo kubwa.

Bibi zetu walijua muhogo kuliko mtaalamu yeyote. Walijua upi mtamu, wa kutafuna mbichi shambani, na upi mchungu. Mchungu waliupenda kwa sababu zao: nguruwe na nyani hawausumbui sana, na mwizi naye anaogopa. Kwingineko, kama Kongo, watu huloweka muhogo mchungu majini siku tatu au zaidi, sumu ikatoka. Huku juu ya Uwanda wa Makonde mambo ni mengine. Hatuna mto wala kijito. Mama zetu walishuka bondeni na kupanda tena na maji kichwani, na mtu aliyesimama pale Shimo la Mungu akatazama chini anaelewa maana yake. Nani angeloweka muhogo kwa maji ya kunywa? Nadhani ndiyo sababu huku tukashika njia ya makopa: unamenya, unaanika juani siku nyingi mpaka ukauke kabisa, ndipo unatwanga.

Shida ni pale njaa inapokuja, kwa kuwa njaa haina subira. Mwaka 1981, ng'ambo ya Ruvuma katika mkoa wa Nampula, Msumbiji, ukame ulipoua mazao mengine, watu zaidi ya 1,000 walipooza miguu. Wengi wao walikuwa wanawake na watoto. Kule waliuita mantakassa; jina linalojulikana zaidi ni konzo, neno la Kongo lenye maana ya miguu iliyofungwa. Anayepata konzo miguu hukakamaa ghafla, na haiponi tena. Mwaka 1985 ikatokea Tarime, mkoani Mara. Mwaka 1988 ikawa zamu ya jirani zetu wa Masasi, si kupooza bali kulewa sumu: kizunguzungu, kichwa kuuma, kutapika, baada ya kula ugali. Wataalamu wa Taasisi ya Chakula na Lishe walipochunguza waligundua kwamba kwa sababu ya njaa watu walikuwa wanatwanga muhogo mbichi, wanauanika saa chache, wanatwanga tena, na siku hiyohiyo unapikwa. Njia hiyo wenyewe waliiita chinyanya. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 konzo nayo ilionekana katika mkoa wetu wa Mtwara.

Nakumbuka jinsi habari ya Masasi ilivyofika kwetu. Haikufika kama elimu. Ilifika kama uvumi, kwamba kuna mtu anatia sumu kwenye vinu vya watu! Wanawake wawili wazee walitazamwa vibaya msimu mzima. Hapakuwa na kikundi cha redio tena, wala kiongozi mwenye kijitabu, kwa hiyo kila mtu alijaza pengo kwa lile aliloogopa.

Dawa ya jambo hili ni rahisi mno, na kikundi chetu kiliifanyia majaribio mbele ya macho ya wote. Iliandaliwa na mtaalamu wa Australia aitwaye Howard Bradbury na wenzake. Chukua bakuli, tia unga wa muhogo, weka alama ndani pale unga unapofikia. Ongeza maji huku unakoroga. Unga utashuka kwanza, kisha utapanda. Ukirudi kwenye alama, acha. Tandaza unga huo mbichi kwenye ungo, mwembamba, usizidi unene wa sentimeta moja. Uache saa 2 juani, au saa 5 kivulini. Sumu hugeuka hewa, ikaruka. Kisha songa ugali kama kawaida, siku ileile. Maji yanayotumika ni kidogo, na hilo kwetu si jambo dogo. Kongo, katika kijiji cha Kay Kalenda, eneo la Popokabaka, wanawake walifundishwa njia hii mwaka 2010, wakaifuata pamoja, na katika muda wote waliofuatiliwa hakupatikana mgonjwa mpya wa konzo pale.

Liko na jambo la mboga. Mwili unahitaji protini ili kuishinda sumu ya muhogo. Kwa hiyo mbaazi, kunde, choroko na dagaa si anasa ya kusubiri fedha za korosho. Mbaazi tunazo wenyewe. Tulikuwa tunaziuza zote, halafu tunakula ugali kwa kisamvu kitupu.

Nipite haraka juu ya televisheni. Tanzania Bara ilianza kuiona mwaka 1994, na huku kwetu ilichelewa. Tulianza na vibanda vya video vyenye jenereta, watoto wakakesha huko. Simu ndiyo iliyotugeuza. Mwanzoni ilileta mema. Mwaka 2012 ilianzishwa kampeni ya Wazazi Nipendeni: mama mjamzito aliandika neno MTOTO, akatuma kwenda 15001, akapata ushauri bure kadiri mimba ilivyokua. Binti yangu aliutumia. Baadaye zikaja simu za kioo, na ujumbe wa sauti, na picha, kila mtu akawa na redio yake mfukoni, tena anaisikiliza peke yake kitandani usiku. Mwaka 2020 maradhi ya corona yalipoingia, Serikali iliacha kutoa hesabu za wagonjwa tangu mwisho wa Aprili mpaka mwaka 2021. Katika ukimya ule simu zilisema kila kitu. Vitunguu saumu, malimau, kujifukiza, chanjo itakayokuua baada ya miaka miwili. Ulikuwa uvumi wa Masasi umerudi, ila sasa una mbio za umeme.

Hapa nafika mahali pagumu. Mwenzetu mwenyewe ameniruhusu niandike, bila jina.

Mwaka 2019 mwanachama mmoja alipimwa akakutwa na presha ya kupanda. Akapewa vidonge, akaambiwa avimeze kila siku, hata akijisikia mzima. Mwaka 2021 ulizunguka ujumbe wa sauti. Mtu mmoja, sauti nzuri ya upole, anajiita daktari lakini jina hataji, anasema vidonge vya presha vinaharibu figo, na majani fulani yaliyochemshwa yanamaliza presha kwa siku saba. Mwenzetu akaacha vidonge. Alijisikia vizuri tu. Kumbe presha ndivyo ilivyo, mara nyingi haina dalili. Akatuambia kwamba majani yamemfaa, tukampongeza. Baada ya miezi kama mitatu, asubuhi, akiwa njiani kwenda kupalilia mikorosho, alianguka. Mdomo ulikwenda upande, mkono wa kulia ukakataa. Kiharusi.

Fedha za mfuko wa jamii ndizo zilizolipa gari usiku ule. Katika mikutano hilo tunalisema kwa fahari, na ni kweli. Tusilolisema ni kwamba ule ujumbe wengi wetu tulikuwa nao. Tulikuwa tunakutana kila wiki chini ya mkorosho, tunahesabu hisa, tunatozana faini kwa kuchelewa, na hakuna aliyeuliza: jamani, hii sauti ni ya nani? Na aliyemtumia mwenzetu ujumbe ule ni mimi. Niliusikia, nikaona unafaa, nikawatumia watu sita. Haikuchukua hata dakika moja. Nilikwenda kumwambia akiwa bado kitandani. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Dada, hata mimi nimewatumia wengine."

Kuanzia hapo ndipo desturi zetu za sasa zilipoanza. Kabla kisanduku hakijafunguliwa, simu zote huwekwa kwenye ungo katikati. Mwenye ujumbe wa afya aliopata wiki hiyo anausema mbele ya wote. Tunauliza kasema nani, na anauza nini, maana mara nyingi mwishoni pana namba ya kutuma fedha. Usipoeleweka, tunapiga 199, namba ya bure ya Wizara ya Afya, simu ikiwa kwenye sauti kubwa kila mtu asikie. Au tunamsubiri nesi wa zahanati, ambaye akipata nafasi hupita. Ujumbe usiopita hapo hautumwi kwa mtu. Faini ya anayeutuma ni sawa na ya mchelewaji, na mimi nimeshalipa mara moja.

Watoto nao. Ilikuwa kawaida mtoto akilia mkutanoni anapewa simu. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: mtoto wa chini ya mwaka 1 asiwekwe mbele ya kioo kabisa, na wa miaka 2 hadi 4 usizidi saa 1 kwa siku. Tulipousoma tulicheka, kwa sababu hapo hapo wajukuu watatu walikuwa wameinamia simu moja. Siku hizi bibi mmoja huwatengenezea wanasesere wa magunzi. Hawatoshi, na wakubwa kidogo bado wanalia simu. Sitawadanganya.

Kwenye chakula tumegawanyika. Soda na maandazi ya mkutano tumeviacha, sasa ni muhogo wa kuchemsha kwa mbaazi, na ming'oko ikipatikana. Chumvi tulipimishana: kiwango cha mtu mzima kwa siku kisizidi kijiko kidogo kimoja, pamoja na iliyomo kwenye dagaa. Wengi tulikuwa tunapita hapo kabla ya jua kuwa kichwani. Lakini kamati ilipopiga kura juu ya sherehe hii ya miaka kumi, walioshinda walisema sherehe bila soda ni msiba. Kwa hiyo soda mtaiona. Mimi nilikuwa upande ulioshindwa.

Mwenzetu amerudi kwenye vidonge. Mkono wa kulia haujarudi sawasawa. Kwa fedha za faini tulinunua kipimo cha presha, na yeye ndiye aliyeomba kukitunza. Kila Jumatano ya pili anatupima mmoja mmoja na kuandika namba daftarini kwa mkono wa kushoto. Herufi zimelala upande kama mihogo iliyopigwa na upepo, lakini zinasomeka. Ule ujumbe wa sauti sijaufuta. Akija mwanachama mpya, kabla hajanunua hisa ya kwanza, mwenzetu huniambia niuweke, tunausikiliza wote mpaka mwisho, kisha yeye anaanza kueleza.