Bei ya Kutupa

Mwaka 1996 mama aliuza magunia mawili ya maharage kwetu Endabash, akafunga fedha kwenye pindo la khanga, usiku akanikabidhi. "Nenda Dar kwa mjomba wako. Urudi na koti la baba yako na masweta ya wadogo zako. Nasikia Kariakoo kila kitu bei ya kutupa."

Ndugu msomaji, usinicheke. Kwa sisi watoto wa Endabash, mjini ni Karatu. Barabara ya Karatu hadi Makuyuni wakati ule ilikuwa vumbi tupu. Nilifika Arusha mwekundu kama tofali. Siku ya tatu nikawa nimesimama Mtaa wa Kongo, mkono mfukoni, nimezikamata hela utadhani zina mabawa.

Watu! Huyu kamwaga viatu juu ya turubai, yule kajitundika suruali mwili mzima, mkokoteni unakuja nyuma yako na mwenyewe anapiga kelele upishe. "Chagua, mia tano! Mia tano chagua!" Nikaliona koti. Zito, la rangi ya kahawa.

"Hili shilingi ngapi, kaka?"

"Elfu nane. Grade one hiyo, mshikaji."

"Elfu mbili."

"Wee! Elfu mbili unanunua vifungo?"

Nikafanya kama alivyonifundisha mjomba: nikageuka na kuondoka. Hatua ya tano nikavutwa shati. Elfu sita. Elfu tano. Nikakaza. Mwisho akasema, "Haya bwana, lete elfu tatu na nusu. Tangu asubuhi sijauza, acha nifungulie biashara kwako." Ilikuwa saa nane mchana. Nikacheka moyoni: maneno ya wauzaji hayo. Nikaondoka kifua mbele kama niliyeteka mji.

Miaka mingi baadaye ndipo nilipoanza kuuliza ule mji niliouteka una habari gani.

Jina lenyewe Kariakoo ni Carrier Corps, lililotafunwa na ndimi zetu mpaka likalainika. Mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza waliiteka Dar es Salaam kutoka kwa Wajerumani, na eneo lile wakaliweka kikosi chao cha wapagazi. Magari yalikwama na wanyama wa mizigo waliuawa na mbung'o, kwa hiyo risasi na unga vilikwenda vitani juu ya vichwa vya watu. Wengi walikamatwa vijijini wakaburutwa. Hakuna aliyewauliza bei. Walikufa makumi ya maelfu, zaidi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi, na ujira wa wengi waliokufa haukuwafikia ndugu zao. Askari wamewekewa sanamu yao ya shaba katikati ya jiji tangu 1927. Wapagazi wameachiwa jina la soko.

Na mtumba je? Kabla halijawa vazi, neno hilo ni mzigo uliofungwa. Kwa hiyo mtu akikuambia kanunua mtumba Kariakoo, kakuambia habari za mizigo mara mbili, naye hajui.

Jengo kubwa la soko, lenye paa za zege zilizokaa kama miavuli, lilichorwa na Mtanzania, Beda Amuli, likafunguliwa 1975. Ulikuwa wakati wa matumaini. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kilikuwa kimefunguliwa 1968 kwa msaada wa China, na pamba ilikuwa yetu. Kisha mambo yakaenda kombo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977, vita vya Kagera vikaja 1978, mafuta yakapanda, fedha za kigeni zikakauka. Madukani yakabaki makabati. Mwaka 1983 ikaja operesheni ya wahujumu uchumi, na wengine wakatupa bidhaa porini kwa woga. Mwaka 1984 serikali ikalegeza: mwenye fedha zake za kigeni aruhusiwe kuagiza vitu. Mitumba ikaingia, na kwa Mzee Mwinyi, Mzee Ruksa, ikatapakaa nchi nzima. Nguo mpya za viwanda vyetu hazikuweza kushindana na nguo zilizokwisha kulipiwa na kuvaliwa Ulaya na Marekani, na miaka ya 1990 viwanda kadhaa vikasimama.

Nilipofika nyumbani na koti, baba aliligeuza ndani na nje. "Mwenyewe alikufa?" akauliza, maana zamani nguo hizo ziliitwa kafa Ulaya. Kisha akauliza bei. Nikamsimulia nilivyomkaza yule machinga. Wadogo zangu wakashangilia, yeye hakucheka.

"Mwaka 1982," akasema, "nilikaa foleni siku mbili Karatu kwa ajili ya kitambaa. Bei ilipangwa na serikali, ndogo kabisa. Nikarudi mikono mitupu. Bei rahisi ya kitu kisichopo. Sasa kitu kipo." Akanyamaza kidogo. "Mama yako alipouza maharage, nani alitaja bei?"

Nilikuwapo, nilijua. Mnunuzi ndiye aliyetaja bei. Tena alikuja na magunia yake mwenyewe, akajaza lumbesa, kile kichuguu cha juu kinachoshonwa kwa kamba, nacho hakilipiwi. Mama hakugeuka kuondoka. Aende wapi? Mimi nikayachukua machungu yale nikaenda kuyamalizia kwa kijana mwenzangu juani Mtaa wa Kongo, ambaye huenda tangu asubuhi alikuwa kweli hajauza.

Mwezi uliofuata baba alivaa koti lake, akabeba gunia jingine mpaka mnadani. Lumbesa ilipoanza kupanda akaweka mkono juu ya gunia. "Pima kwa mzani." Mnunuzi akamtazama, akatazama koti, akacheka, akahamia kwa jirani. Baba akarudi na gunia lake. Baada ya wiki mbili ada ya shule ikadaiwa, mama akaliuza kwa lumbesa.

Soko la Kariakoo liliungua Julai 2021, kazi ya kulijenga upya ikafuata. Mitaani biashara inaendelea, na mimi bado naenda. Wewe kijana mwenzangu unayetafuta cha kuandika, nenda pale siku moja bila hela, sikiliza tu watu wakipatana. Mimi siku hizi nikitajiwa bei napunguza mara moja, siondoki hatua tano. Mjomba anasema nimeharibika.

Koti lipo. Baba hulivaa Julai, kunapokuwa na baridi.