Mwanasaikolojia wa elimu humsaidiaje mtoto wa chekechea?

MTOTO wa miaka mitatu hasemi ila maneno machache, akiitwa hageuki, na kila anapopelekwa chekechea huwauma wenzake. Jirani humtuliza mama kwa kumwambia kwamba hata baba wa mtoto alichelewa kusema. Mwalimu naye hudokeza kwamba tatizo ni malezi ya nyumbani.

Kati ya faraja ya jirani na lawama za mwalimu, miezi hupita na umri wa kuanza shule hukaribia. Hapo ndipo panapohitajika mwanasaikolojia wa elimu, mtaalamu ambaye wazazi wengi hudhani kazi yake ni kumpima mtoto akili. Kwa mtoto mdogo, sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa pamoja na mzazi na mwalimu.

Asili ya taaluma

Mwaka 1896, Lightner Witmer alifungua kliniki ya saikolojia katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani. Aliyehudumiwa kwanza alikuwa mvulana wa miaka 14 aliyeshindwa na tahajia.

Uingereza ilifuata mwaka 1913, wakati utawala wa London ulipomwajiri Cyril Burt awe mwanasaikolojia wa shule zake. Enzi hizo kazi kubwa ilikuwa kuwapima wanafunzi ili kuamua wasomee wapi. Kuwafikia watoto kabla hawajaingia darasani kulikuja baadaye.

Leo Uingereza ni miongoni mwa nchi ambako huduma hii imepangwa kisheria. Tangu mwaka 2006, anayetaka kuwa mwanasaikolojia wa elimu huko England husomea shahada ya uzamifu kwa miaka mitatu, na tangu mwaka 2009 hakuna anayeruhusiwa kujiita kwa cheo hicho bila kusajiliwa.

Anachokiangalia

Mtaalamu huanza kwa kumsikiliza mzazi. Huuliza habari za ujauzito na kujifungua, usingizi, chakula, na iwapo mtoto amepimwa masikio, kwa kuwa asiyesikia vizuri huweza kuonekana mkaidi au mzito wa kuelewa.

Kisha humtazama mtoto akicheza, nyumbani au chekechea. Je, huwaonyesha wengine kile kinachompendeza? Huigiza kupika au kuendesha gari? Hufanya nini mchezo unapomshinda?

Lugha ya nyumbani nayo huzingatiwa. Mtoto anayezungumza Kikamba au Kisomali nyumbani, kisha akapimwa kwa Kiingereza pekee, huweza kuhesabiwa kuwa amechelewa ilhali hajachelewa.

Kwa mtoto anayeuma wenzake, mwalimu huombwa aandike kwa siku kadhaa kilichotokea kabla ya tukio na kilichofuata. Mara nyingi maandishi hayo huonyesha mpangilio: labda huuma anaponyang'anywa kitu na kukosa neno la kukidai. Hapo adhabu haitafaa kitu. Atafaidika akifundishwa kusema "changu", au ishara ya mkono.

Mzazi ndiye mwalimu

Ushauri anaopewa mzazi huwa wa kutendeka katika shughuli za kila siku. Mtoto akisema "maji", mzazi hujibu "maji baridi", akimwongezea neno moja juu ya lile analolijua. Anayefadhaika ratiba inapobadilika huonyeshwa picha za yatakayofuata: kula, kuoga, kulala.

Mpango maarufu wa aina hii ni Portage, ulioanzishwa mwaka 1969 katika mji wa jina hilo, jimbo la Wisconsin, Marekani, na kufika Uingereza mwaka 1976. Mhudumu humtembelea mtoto mwenye ulemavu nyumbani, kwa kawaida kila wiki au kila baada ya wiki mbili. Ujuzi mmoja, kama vile kunywa kwa kikombe, hugawanywa katika hatua ndogo, na mzazi humfundisha mtoto hatua moja hadi ziara ijayo.

Haki na foleni

Sheria ya Watoto na Familia iliyopitishwa mwaka 2014 iliwapa wazazi wa England haki ya kuomba wenyewe mtoto afanyiwe tathmini, hata kabla ya kuanza shule. Ushauri wa mwanasaikolojia ni lazima, na mpango wa msaada ulipaswa kukamilika ndani ya wiki 20. Mzazi asiyeridhika aliruhusiwa kukata rufaa.

Hata hivyo, wanasaikolojia hawatoshi. Mwaka 2023, takriban nusu tu ya mipango mipya ilikamilika kwa wakati. Kwa mtoto wa miaka minne, kungoja mwaka mzima ni robo ya umri wake.

Hapa Kenya

Kenya ilianzisha vituo vya kutathmini mahitaji ya kielimu mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark. Aghalabu wanaovihudumu ni walimu waliosomea elimu ya mahitaji maalum, kwa kuwa wanasaikolojia wa elimu ni wachache. Ofisi ya elimu ya kaunti ndogo huweza kumwelekeza mzazi kwenye kituo kilicho karibu.

Mzazi hana haja ya kungoja mtoto afikishe umri wa kuingia PP1. Mtoto wa miaka miwili asiyeunganisha maneno mawili, asiyeitika jina lake, au aliyepoteza ujuzi aliokuwa nao, anastahili kuonwa na daktari na kupimwa masikio bila kukawia.

Anapokwenda kwenye tathmini, mzazi abebe kijitabu cha kliniki, orodha ya maneno ambayo mtoto hutamka, na maelezo mafupi ya nyakati anazotulia na anazochachamaa. Aeleze pia yale ambayo mtoto anayaweza, kwa sababu msaada hujengwa juu ya hayo.

Huenda akaambiwa kwamba jirani alisema kweli, na mtoto atasema kwa wakati wake. Hata hivyo hatakuwa amepoteza kitu. Atakayepoteza ni yule aliyehitaji msaada tangu umri wa miaka miwili, akapelekwa akiwa na saba.