Konveta Ikinyamaza: Historia Fupi ya Magari Yanayoongea, Kutoka Detroit Hadi Keroka

Leo tunaweka kando tovuti na hifadhidata, tuingie chini ya boneti. Msishangae! Gari la siku hizi ni mtandao wa kompyuta wenye magurudumu. Ukitaka kuuona huo mtandao, simama steji ya Kisii utazame Probox zikipakia kwenda Keroka, Nyamira na Ogembo, watu wamebanana ndani na mikungu ya ndizi iko juu.

Probox ilitoka Japani mwaka 2002. Ilikuwa gari la kawaida kwa miaka mingi, mpaka mwishoni mwa 2018 Toyota ilipotoa Probox ya haibridi. Kenya inaruhusu kuingiza magari yaliyotumika yasiyozidi miaka 8. Kwa hiyo kila kinachobuniwa Japani huchelewa kidogo tu, kisha kinakuwa swali la fundi wa Daraja Mbili.

Zamani swali lilikuwa jepesi. Katika Peugeot 504 injini ilizungusha mkanda, mkanda ukazungusha alteneta, alteneta ikachaji betri ya volti 12. Ikigoma, taa nyekundu inawaka, fundi anapima kwa mita, anabadilisha makaboni, safari inaendelea. Hapakuwa na kifaa kilichoongea na kingine.

Baadaye zikaja Toyota zenye kompyuta ya injini. Mafundi wetu wengi walijifunza lugha yake bila mashine yoyote: unaunganisha tundu la TE1 na la E1 kwa kipande cha waya, kisha unahesabu taa ya injini inavyokonyeza. Kukonyeza mara moja, kutulia, kisha mara mbili, ni namba 12. Gari lilikuwa limeanza kusema, ingawa kwa macho tu.

Sasa turudi nyuma kidogo. Mwaka 1983 wahandisi wa Bosch, Ujerumani, walianza kushughulikia tatizo la nyaya. Vifaa vya umeme vilikuwa vinaongezeka, na kila kimoja kilitaka waya wake kwenda kwa mwenzake. Jibu lao, mtandao uitwao CAN, walilitangaza Detroit mwezi Februari 1986. Mwaka uliofuata Intel ikatoa chipu yake ya kwanza, na 1993 ukawa kiwango cha kimataifa, ISO 11898. Marekani ilidai soketi moja ya uchunguzi yenye pini 16 kwa magari madogo yote mapya kuanzia 1996, na kuanzia matoleo ya 2008 ikadai soketi hiyo iongee CAN.

Mimi kama mtu wa programu naupenda CAN kwa sababu hauna bosi. Nyaya mbili zilizosokotwa, na kila kompyuta imejiunga hapo. Ujumbe haupelekwi kwa mtu mmoja, unatangazwa kwa wote. Wawili wakianza kusema kwa wakati mmoja, mwenye namba ndogo ya ujumbe anaendelea na mwingine ananyamaza akisubiri zamu. Na kompyuta inayoharibu mazungumzo hujihesabia makosa: hesabu ya utumaji ikipita 255, inajitoa barazani yenyewe. Wangapi kati yetu wana adabu hiyo?

Haya, konveta inaingilia wapi? Prius ilipoanza kuuzwa Japani Desemba 1997, alteneta iliondoka. Haibridi ina betri kubwa. Katika Prius ya 2003 ilikuwa ya volti 201.6, na kifaa cha umeme kiliipandisha hadi 500 ili kuendesha mota. Konveta nyingine inashusha umeme huo hadi kama volti 14 ili ichaji betri ndogo ya 12. Hiyo ndiyo alteneta ya leo, ila inapokea amri na kutoa taarifa kupitia mtandao.

Mtandao ukikatika, gari huandika namba zinazoanza na herufi U. U0298, kwa mfano, maana yake mawasiliano na kompyuta ya konveta yamepotea. Hapa ndipo watu wanapopoteza pesa. Namba hiyo haisemi konveta imekufa! Marehemu hatangazi kifo chake mwenyewe. Wanaotangaza ni majirani ambao hawajasikia sauti yake. Huenda ni mzima kabisa, ila amekosa umeme, amekosa ethi, au waya umekatika njiani.

Mwaka jana dereva mmoja wa Keroka aliniita. Haibridi yake ilikuwa imekwama siku nne, na gereji moja ilikuwa imemwambia atafute inveta nyingine nzima, konveta ikiwa humo ndani. Nikasoma kompyuta zote: tatu zinalalamika, na zote zinamlalamikia mmoja. Betri ndogo nzima. Fundi mzee tuliyekuwa naye akazima gari, akafuata taratibu za usalama, akafungua soketi ya nyaya ndogo. Pini zilikuwa na kutu ya kijani. "Kijana," akaniambia, "kompyuta ni zako, lakini maji ni yangu." Mvua za Gusii mnazijua. Alisafisha, akakausha, tukafuta namba, gari likawaka.

Kwa hiyo mpangilio ni huu. Kwanza pima betri ya volti 12, kwa sababu ikichoka kompyuta zote hubabaika na namba za U humwagika kama mchele. Pili, tazama nani analalamika na anamlalamikia nani. Wote wakimtaja mmoja, tafuta kwa huyo: fyuzi, ethi, soketi. Wote wakilalamikiana, shuku njia kuu. Tatu, toa waya hasi wa betri ndogo, pima ukinzani kati ya pini 6 na 14 za soketi ya uchunguzi. Kila mwisho wa njia una resista ya omu 120, kwa hiyo unatarajia kama 60. Ukipata 120, upande mmoja umekatika; karibu na sifuri, nyaya zimegusana. Lakini 60 haithibitishi kila tawi ni zima, na magari mengine yana mitandao kadhaa ambayo soketi hiyo haioni yote.

Nyaya za rangi ya chungwa msiziguse. Zinaua. Ni kazi ya aliyefunzwa, mwenye glavu za umeme, aliyetoa plagi ya usalama na kusubiri angalau dakika 10.

Jambo moja limenikaa moyoni. Vifaa vingi vya bei nafuu vya kusomea gari husoma injini tu, havifiki kwenye kompyuta za haibridi. Massachusetts, Marekani, walipiga kura mwaka 2012 ili fundi wa nje apate taarifa zile zile anazopata wakala. Fundi wa Nyamira naye anazihitaji. Akizikosa, dereva hununua inveta wakati tatizo lilikuwa pini moja yenye kutu, na ada ya shule ya mtoto inaishia kwenye chuma ambacho hakikuwa kibovu.