Maji ya Nchiru: Toka Hesabu ya Mgongo Hata Hesabu ya Mita

Mwaka huu baadhi ya wanachama wametujia na bili za maji zilizopanda ghafula. Wengine wamedai kuwa wameonewa, wengine wamemshuku jirani. Kabla ya kumlaumu mtu, twaona yafaa tukumbushane njia ambayo maji yetu yamepitia hata yakaja kuhesabiwa kwa mita.

Hapo kale maji ya Nchiru yalihesabiwa mgongoni mwa mama. Aliyeyateka mtoni na kuyapandisha kilimani alijua kila kibuyu kimetumika kwa kazi gani. Hayakumwagika bila yeye kujua.

Sheria iliyoanza kutumika mwaka 1952 iliyaweka maji ya mito chini ya mamlaka ya Serikali. Baada ya Uhuru, Wizara ya Maji iliundwa mwaka 1974, na shabaha ikawekwa kwamba kufikia mwaka 2000 kila mtu awe karibu na maji safi. Shabaha hiyo haikutimia. Sheria ya mwaka 2002 ikaitenga kazi ya kusambaza maji na kazi ya kuisimamia, na Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, ikatamka kuwa maji safi ya kutosha ni haki ya kila mtu. Lakini haki hiyo haikuondoa gharama ya mabomba. Kwa hiyo mita ikachukua mahali pa mgongo.

Basi, tofauti ni hii: mgongo ulichoka, mita haichoki. Uniti moja ni lita 1,000, yaani madebe 50 ya lita 20. Mfereji unaovuja debe moja kwa saa hupoteza madebe 720 kwa siku 30, nazo ni uniti 14 na zaidi. Tena, mahali ambapo bei hupanda kwa madaraja, uniti za mwisho hutozwa zaidi kuliko za kwanza.

Mara nyingi chanzo ni mfereji uliofunguliwa wakati maji yamekatika, ukasahauliwa, nayo yakarudi usiku wa manane. Pengine ni tangi linalofurika, choo kinachovuja kimya kimya, au bomba lililopasuka chini ya udongo. Twawasihi wanachama wafunge mifereji yote usiku, wasome mita, na kuisoma tena alfajiri. Ikiwa imesogea, maji yapotea upande wa nyumbani. Ikiwa haikusogea, na itazamwe bili: je, nambari ya mita ni yenyewe? Usomaji ni wa kweli au wa kukadiria? Kuna deni la nyuma? Hapo ndipo mtu aende ofisini na madai yake, akiwa na hesabu mkononi.

Yatupasa kuandika usomaji wa mita kila juma. Mama zetu hawakuwa na daftari, lakini walijua hesabu ya maji yao. Sisi tulio na daftari tusishindwe nao.