Nyayo za Laetoli na Maswali ya Watoto Wetu



Wapendwa waamini, watoto wetu husikia katika mafundisho ya katekisimu kwamba Mungu ndiye aliyemuumba mtu. Juma hilohilo, shuleni, husikia habari za Zinjanthropus. Wakituuliza lipi ni kweli, mara nyingi huwaambia wanyamaze. Hapo mtoto hujifunza kwamba imani huogopa maswali, naye akikua anaweza kuiacha. Hasara hiyo ni kubwa, nayo haina sababu.

Tuitazame historia yenyewe. Tarehe 17 Julai 1959, katika bonde la Olduvai, Mary Leakey aliliona fuvu la kale lenye umri wa miaka ipatayo milioni 1.75. Mwaka 1978, huko Laetoli, kusini mwa bonde hilo, kikundi chake kilifukua mfululizo wa nyayo zilizoachwa katika majivu ya volkano yaliyolowa, yapata miaka milioni 3.66 iliyopita. Viumbe hao walitembea wima kwa miguu miwili, ingawa ubongo wao ulikuwa mdogo kuliko wetu. Mabaki ya zamani zaidi ya Homo sapiens yanayojulikana, yenye miaka ipatayo 300,000, yalipatikana Jebel Irhoud, nchini Moroko.

Je, tumezaliwa na nyani tuwaonao porini? Wataalamu hawasemi hivyo. Wasemacho ni kwamba sisi na sokwe tuna mababu wa pamoja, walioishi mamilioni ya miaka iliyopita.

Kanisa nalo halikukaa kimya. Mwaka 1950, katika waraka Humani generis, Papa Pius XII aliruhusu uchunguzi juu ya asili ya mwili wa binadamu, akisisitiza kwamba roho huumbwa na Mungu moja kwa moja. Tarehe 22 Oktoba 1996, Papa Yohane Paulo II alikiri kwamba nadharia ya mageuko ni zaidi ya dhana tu. Sayansi huchunguza njia na nyakati. Imani hutuambia ni nani aliyetutaka tuwepo, na kwa nini.

Wazazi na makatekista, jaribuni jambo hili. Chukueni kamba ndefu, kila sentimeta ihesabiwe kuwa miaka 1,000. Mtoto ashike ncha ya leo. Nyayo za Laetoli zitakuwa umbali wa mita 36 na sentimeta 60. Fuvu la Olduvai litakuwa kwenye mita 17 na nusu, na watu wa Jebel Irhoud kwenye mita 3. Kuzaliwa kwa Bwana wetu kutakuwa sentimeta mbili tu kutoka vidoleni mwake. Na mipaka ya nchi zetu, iliyochorwa na wakoloni baada ya mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885, haifikii hata milimita mbili!

Wenye nafasi wawapeleke pia Kondoa, kwenye michoro ya miambani iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Huko wataona kwamba watu wa kale nao waliupenda uzuri na kuuachia kumbukumbu.

Mtoto aliyeishika kamba hiyo atamdharauje mwenzake kwa sababu ya kabila au rangi? Sote tu ukoo mmoja, na chimbuko letu ni Afrika. Basi tusiwanyamazishe watoto. Tuketi nao, tuwajibu.

Nawatakia Dominika njema.