Kigeuzi kichocheo, au masega ya gari

Kwa mafundi wa gereji jina lake ni masega, na ukilichungulia bati lake lililopasuliwa huwezi kubisha: ndani mna kauri yenye mamia ya vitundu vyembamba vilivyonyooka toka mwanzo hadi mwisho. Shida ni kwamba umbo hilo linawafanya wengi wadhani ni chujio la kunasa masizi, ambalo likijaa halina kazi tena. Ndiyo maana naitetea istilahi ndefu, kigeuzi kichocheo.

Kichocheo, kwa wanakemia, ni kitu kinachoharakisha badiliko pasipo chenyewe kwisha. Kuta za vitundu vile zimepakwa utando mwembamba mno wenye platini, paladi na rodi. Moshi ukipita, kaboni monoksidi, gesi inayoua bila kunuka, hupata oksijeni ikawa kaboni dioksidi. Petroli isiyoungua nayo huishia kuwa kaboni dioksidi na mvuke wa maji. Oksidi za nitrojeni huvunjwa, nitrojeni ikarudi hewani. Hakuna kinachonaswa humo, sumu inageuzwa. Kaboni dioksidi inabaki, kwa hiyo tusikidai kifaa hiki kazi ya kupoza dunia.

Ila kina masharti. Kabla ya kufikia nyuzi 250 hivi za Selsiasi hakijaamka, na gari la asubuhi hutoa moshi karibu kama ulivyotoka injini. Mchanganyiko nao lazima uwe karibu kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya petroli, jambo ambalo sensa ya oksijeni hulifuatilia muda wote. Risasi ndiyo adui mkubwa. Eugène Houdry, Mfaransa aliyehamia Marekani, alibuni vigeuzi vya magari katika miaka ya 1950, lakini risasi ya kwenye petroli ilifunika vichocheo. Vilienea huko kuanzia magari ya 1975, petroli isiyo na risasi ilipopatikana. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana na petroli ya risasi kufikia Januari 2006.

Mimi ningeliita bati zima kigeuzi kichocheo, na masega yabaki jina la kauri iliyo ndani. Na fundi akikuambia masega yameziba, yatolewe gari lipate pumzi, mwombe kwanza akague plagi. Plagi isiyochoma hupeleka petroli mbichi kwenye ekzosi, ikaungulia humo na kuyeyusha kauri. Ukifunga kigeuzi kipya bila kuitibu injini, nacho kitayeyuka.