Tarehe ya Sleng Teng, mdundo wa Waterhouse

Washairi wetu wanalijua jambo hili: bahari ni moja, watungaji ni wengi, na hakuna anayemshitaki mwenzake kwa kutunga kwa mizani nane kwa nane. Kule Kingston, Jamaika, ndivyo wanavyouchukulia mdundo, au riddim kama wanavyouita wenyewe. Besi na ngoma hurekodiwa mara moja, kisha waimbaji huja mmoja mmoja, kila mtu na maneno yake.

Desturi ilikuwa na umri wake. Mwaka 1967 bendi ya Sound Dimension ilirekodi Real Rock katika studio ya Clement Dodd, ala tupu, na waimbaji wameurudia mdundo huo hadi leo. Mwaka 1970 U-Roy alighani juu ya nyimbo za zamani za mtayarishaji Duke Reid. Mwaka 1974 Rupie Edwards akatoa Yamaha Skank, santuri nzima juu ya mdundo mmoja. Kwangu mimi, yote hayo yalikuwa yakiitengenezea njia Sleng Teng.

Mwaka 1981 kampuni ya Casio ya Japani ilitoa kinanda kidogo, MT-40. Ukibonyeza kitufe, kinajipigia chenyewe besi na ngoma. Mdundo mmojawapo, ulioitwa “rock”, uliundwa na Hiroko Okuda, mwanamke kijana aliyekuwa ametoka chuo cha muziki, ambako aliandika tasnifu juu ya rege. Noel Davey wa Kingston alikipata kinanda hicho. Yeye na rafiki yake Wayne Smith wakaukuta mdundo ule, wakaupeleka mtaa wa Waterhouse kwa mtayarishaji Lloyd James, aliyejulikana kama Prince Jammy. Jammy akaupunguza mwendo, akaongeza piano na makofi, na Smith akaimba Under Mi Sleng Teng. Mpiga besi hakuitwa, wala mpiga ngoma.

Tarehe 23 Februari 1985, kwenye barabara ya Waltham Park, mtambo wa muziki (sound system) wa Jammy ulishindanishwa na ule wa Black Scorpio. Jammy alipouachia mdundo wake mpya, shindano likawa limekwisha.

Baada ya hapo waimbaji walimiminika Waterhouse. Hapa ndipo utamu ulipo. Smith anasifu bangi na kuikataa kokeini. Tenor Saw, katika Pumpkin Belly, anasema kwa mafumbo, sauti yake ikilia juu ya besi ileile. Johnny Osbourne akaja na Buddy Bye, John Wayne akaja na Call the Police. Mdundo mmoja unamvua mwimbaji kila kisingizio: kinachobaki ni sauti yake na akili yake. Mwaka 2003 Sean Paul na Wayne Wonder walipimwa hivyohivyo juu ya Diwali, mdundo wa Steven Marsden.

Gharama ililipwa na wapigaji. Studio iliyokuwa ikiita bendi nzima sasa ilihitaji mtu mmoja na kinanda, na mafundi wa besi wakakosa vibarua. Hilo nalo liandikwe.

Wayne Smith alifariki Kingston, Februari 2014. Jina la Okuda lilichelewa sana kufika masikioni mwa waliocheza mdundo wake. Ewe mwenye kuupenda muziki huu, unapousimulia usimtaje Jammy peke yake. Wataje wote: Okuda, Davey, Smith, kisha Jammy.